Ombi la ushauri: naandika riwaya ya upelelezi na mume wangu, na sasa kila mmoja ana muuaji wake

Mwalimu wa Kusini (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu habari za saa hizi. Mimi na mume wangu ni walimu wa sekondari mkoani Mtwara, na tangu watoto waende bweni tumekuwa tukizitumia jioni zetu kuandika pamoja riwaya ya upelelezi. Kisa kinaanza katikati ya msimu wa korosho, ambapo karani wa mizani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, anakutwa amekufa ndani ya ghala lililofungwa kwa kufuli kutoka nje, siku chache kabla ya mnada. Anayechunguza ni Stesheni Sajenti mmoja mwanamke aliyehamishiwa huku kutoka Tabora, ambaye haijui biashara ya korosho na inabidi aelezwe kila hatua, jambo linalotuwezesha kumweleza na msomaji bila kumhutubia.

Mume wangu alilelewa na mjomba wake aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika, kwa hiyo habari za leja, stakabadhi za ghala na mizani iliyochezewa anazo kichwani. Mimi nafundisha Kiswahili, na ninachokipenda zaidi ni namna watu wanavyosema na wanavyokwepa kusema. Tulikubaliana kupokezana sura, yeye moja na mimi moja, na hadi sura ya kumi na moja kazi ilikwenda vizuri.

Tulipokwama ni kwenye muuaji. Tulipoanza tulisema kwa mdomo tu kwamba ni mhasibu wa chama. Hata hivyo, kadiri nilivyoendelea kumwandika mjane wa marehemu, nimezidi kuamini kwamba mwanamke huyu anajua mengi kuliko anayoyasema, na dalili nyingi katika sura zangu sasa zinaelekea kwake. Mume wangu anasema kwamba nimeupindisha mpango, nami namjibu kwamba mhasibu anatiliwa shaka tangu sura ya tatu, kiasi kwamba hakuna msomaji atakayeshtuka mwishoni. Hatugombani, lakini tumeacha kuandika, na hilo linaniuma kuliko ambavyo ugomvi ungeniuma.

Zaidi ya hayo, shemeji yangu aliyeusoma mswada alitutajia bila kukosea sura ipi ni ya nani, kwa sababu kwa mume wangu Sajenti hasemi ila neno mojamoja, na kwangu ana maneno mengi na utani. Mchapishaji mmoja naye ametushauri tuweke jaladani jina la mume wangu peke yake, kwa madai kwamba wasomaji wa riwaya za aina hii wamezoea waandishi wanaume. Mume wangu alikataa papo hapo, lakini bado hatujaamua tuandike majina gani.

Naomba ushauri wa wale waliowahi kuandika wawili, au wanaojua wengine walivyofanya.

Mzee wa Maktaba, Dar es Salaam

Marahaba, binti yangu. Kupokezana sura si kosa hata kidogo, na usikubali mtu akuambie kwamba ndiko kulikowakwamisha. Waswidi wawili, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, ambao waliishi kama mke na mume ingawa hawakufunga ndoa rasmi, waliandika hivyohivyo riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck kati ya mwaka 1965 na 1975. Waliandika usiku watoto wakishalala, kila mmoja na sura yake, kisha wakabadilishana. Walikuwa wamekusudia tangu mwanzo kwamba vitabu vitakuwa kumi, vyenye sura thelathini kila kimoja, na kwamba vyote kwa pamoja vitakuwa hadithi moja ndefu kuhusu jamii yao. Wahlöö alifariki mwaka 1975, mwaka uleule ambao kitabu cha kumi kilitoka, na mpango wao ulikuwa umetimia.

Wale walipoketi kuandika sura, kila mmoja alikuwa anajua nani kaua, kwa nini, na nani atagundua nini katika sura ipi. Riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili: ya uhalifu uliokwisha kutendeka, na ya uchunguzi ambao msomaji anausoma. Hadithi ya kwanza lazima iwe imekamilika kabla ya ya pili kuanza, kwa sababu kila dalili katika ya pili ni alama iliyoachwa na ya kwanza. Ninyi mnaandika uchunguzi mmoja wa uhalifu wa aina mbili, na ndiyo maana kalamu zimesimama.

Acheni sura ya kumi na mbili kwa sasa. Kaeni mwandike kurasa chache zinazoeleza usiku ule wa ghalani kama ulivyotokea, saa kwa saa, nani alikuwa wapi na ufunguo ulikuwa kwa nani. Kurasa hizo hazitachapishwa, lakini wekeni sahihi zenu chini yake.

Karani Mstaafu

Mwalimu, nilifanya kazi ya mizani kwa misimu mingi, nami nasoma sana riwaya hizi, kwa hiyo niruhusu niingie kwenye kisa chenyewe. Korosho zikikaa ghalani hukauka, na uzito wake hupungua. Huo ndio unyaufu, na kila mtu wa ghala anautarajia. Mgeni akiona upungufu wa kilo atadhani pameibiwa, lakini sisi tulikuwa tukiitilia shaka zaidi hesabu isiyo na unyaufu kabisa. Kama leja inaonyesha kwamba shehena ilipokewa na kilo fulani, na baada ya wiki kadhaa kilo ni zilezile bila kupungua hata moja, maana yake ni kwamba mtu hakupima, bali alinakili tu, au alifidia upungufu kwa kitu kingine ndani ya magunia. Kuna waliowahi kutia mchanga, kuna waliotia korosho za msimu uliopita.

Hebu mtazame mhasibu na mjane kwa jicho hilo. Karani makini hupima na kuandika kwanza katika daftari lake dogo la mfukoni, ndipo takwimu zihamishiwe kwenye leja ya chama. Ikiwa mhasibu ndiye aliyebadilisha leja, basi takwimu za kweli zimebaki kwenye lile daftari, na daftari liko nyumbani kwa marehemu. Mjane anajua jambo, kama Mwalimu anavyoamini, ila hakumuua mumewe, bali ameficha daftari. Labda analificha kwa hofu kwamba litaonyesha kuwa mumewe naye alikula fedha za wakulima, na hataki watoto wake waitwe watoto wa mwizi. Kwa njia hiyo muuaji anabaki yule wa mume, siri inakuwa ile ya Mwalimu, na dalili zote zilizokwisha andikwa kumwelekea mjane zinabaki na maana yake.

Halafu Sajenti wenu ametoka Tabora, nchi ya tumbaku. Tumbaku nayo uzito wake hubadilika na unyevu, na mtu aliyekaa kule miaka mingi lazima awe amesikia wakulima wakibishana juu ya jambo hilo. Kwa hiyo ujinga wake wa korosho usiwe kamili. Watu wote wa ghala wamwone mgeni, kumbe hilo moja analijua, na ndilo litakalomfikisha kwa mhasibu.

Mtunzi wa Mombasa

Dada, pole kwa kukwama, na hongera kwa kufika sura ya kumi na moja. Mimi na mume wangu huandika michezo ya redio, nami nitasema juu ya sauti tu.

Waingereza Nicci Gerrard na Sean French, ambao ni mke na mume, wamechapisha kwa jina moja la Nicci French tangu mwaka 1997. Hupanga hadithi pamoja, kisha mmoja huandika kipande na kumpelekea mwenzake, ambaye ana ruhusa ya kubadilisha, kuongeza na kufuta. Hawakai chumba kimoja wakati wa kuandika. Ruhusa ile ya kufuta ndiyo inayozaa sauti moja, kwa sababu sentensi iliyopita mikono miwili mara kadhaa haina mwenyewe tena. Sisi nyumbani tumeongeza sharti kwamba mwenye sura asirudishe kilichofutwa mpaka siku mbili zipite. Mara nyingi siku mbili zikipita hakitaki tena.

Fanyeni jaribio kwa Sajenti. Chukueni mahojiano yake na mhasibu yaliyoandikwa na mume wako, uyaandike upya wewe, kisha yeye aandike upya mahojiano yako na mjane. Yawekeni mezani yote manne. Ninavyoona mimi, utagundua kwamba utani wako unamfaa Sajenti akiwa na wanyonge na ukimya wa mume wako unamfaa akiwa na wakubwa, na hapo atakuwa mtu mmoja mwenye nyuso mbili anazozichagua mwenyewe. Lakini hilo liamuliwe na ninyi wawili na liandikwe, lisitegemee zamu ya nani ilikuwa siku hiyo.

Nisichokishauri ni kugawana kwa ukuta, yaani mmoja atunge kisa chote na mwingine aandike maneno tu. Wamarekani Frederic Dannay na Manfred B. Lee, ambao walikuwa binamu, walifanya hivyo kwa miaka mingi chini ya jina la Ellery Queen, tena kwa mafanikio makubwa. Lakini barua zao zilizochapishwa baadaye zimejaa uchungu, kila mmoja akihisi kwamba mwenzake anaharibu kazi yake. Binamu anaweza kuishi mji mwingine. Ninyi mnarudi chumba kimoja.

Wakili wa Pwani

Mwalimu, nitajibu suala la jina, kwa sababu ushauri wa mchapishaji huyo una madhara ambayo huenda hakuyafikiria.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi iliyotungwa na watu wawili ni mali yao wote wawili tangu mwanzo, na ulinzi wake hudumu kwa uhai wao na miaka 50 baada ya kifo cha yule atakayefariki wa mwisho. Likiwekwa jina la mume peke yake, sheria itamchukulia yeye kuwa mtunzi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa. Dhana zote mbili zinaweza kupingwa kwa ushahidi. Sisemi haya kwa kuwatabiria mabaya. Nasema kwa sababu hata katika ndoa yenye amani kuna mirathi, na warithi huwa hawakuwapo jioni zile mlipokuwa mkiandika.

Mkipenda jina moja la kalamu, hakuna kizuizi. Waswidi Alexander na Alexandra Ahndoril walitoa riwaya yao ya kwanza mwaka 2009 kwa jina la Lars Kepler, na waandishi wa habari waliwagundua mwaka huohuo. Jina la kalamu ni la wasomaji. Mkataba na mchapishaji ubebe majina yenu halisi, yote mawili, na utaje mgawanyo wa mrabaha. Andikeni pia makubaliano yenu ya ndani, hata ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kumtumia Sajenti katika kitabu kingine, na itakuwaje mmoja akitaka kuendelea peke yake. Mkiwa na barua pepe na nakala za rasimu zenye tarehe, zitunzeni.

Msomaji wa Bwana Msa

Natofautiana kidogo na Mtunzi wa Mombasa. Si lazima sauti iwe moja. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, rafiki aitwaye Najum, na raha kubwa ya kusoma ni kuona jinsi rafiki huyo anavyokuwa nyuma ya mwenye kufikiri. Kwa nini mume asiandike sura za ghalani kwa jicho la Sajenti, na mke akaandika sura za nyumbani kwa sauti ya mjane mwenyewe, akisema "mimi"? Tofauti aliyoiona shemeji itakuwa imekusudiwa, na msomaji atakuwa ndani ya kichwa cha mtu anayeficha daftari bila kuambiwa kwamba analificha.

Mwalimu wa Kusini (mwanzisha uzi)

Nawashukuru kwa dhati. Mume wangu amesoma majibu yote, na kwa mara ya kwanza tangu tukwame tumekesha tukizungumza juu ya kitabu. Tumekubaliana kuandika usiku ule wa ghalani kabla ya kugusa sura nyingine, na muuaji anabaki mhasibu. Shauri la kumpa mjane sauti yake mwenyewe limenigusa sana. Mume wangu anaogopa kwamba mjane anayesema "mimi" halafu akanyamaza juu ya daftari atamfanya msomaji ahisi amelaghaiwa, na hoja yake nadhani ina nguvu, kwa hiyo tutaijaribu sauti hiyo kwa sura moja kwanza. Jalada litakuwa na majina yetu mawili, na mchapishaji asipokubali tutatafuta mwingine.

Ninalo swali moja kwa Karani Mstaafu: je, mjane akilifungua daftari lile, ataelewa anachokisoma? Mume wangu anasema kwamba mke wa karani angezijua takwimu zile mara moja.

Karani Mstaafu

Asingezijua zote, Mwalimu. Mimi nilikuwa naandika kwa penseli, herufi mbili za mwanzo za jina la mkulima, idadi ya magunia na kilo, bila kichwa cha habari wala tarehe kamili, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na wakulima walikuwa wanasubiri. Mke wangu angeona herufi na namba tu. Lakini angewajua watu, kwa kuwa wengi walikuwa majirani na wengine ndugu zake. Kwa hiyo Sajenti ataelewa kilo, mjane ataelewa majina, na hakuna kati yao anayeweza kulisoma daftari lile peke yake.