Siku kumi na moja juu ya pikipiki: gumzo la kikundi cha familia

Mama Mkubwa (Tanga)
Assalamu alaikum wote. Mama yenu amenipigia simu baada ya magharibi na kuniambia kwamba kijana wetu wa Columbus amekubaliwa kushindana katika mashindano ya pikipiki ya siku kumi na moja huko Marekani, ambayo watu huendesha mchana na usiku. Sipendi kuzipata habari kama hizi vipande vipande. Naomba mhusika mwenyewe atueleze hapa, mbele ya wote, ni mashindano ya namna gani, na kwa nini mtu mwenye mke na watoto ayatake.

Kaka Columbus
Waalaikum salaam. Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Habari hizo ni za kweli, na nilikuwa nikisubiri nipate utulivu ili nizieleze vizuri.

Mashindano haya yanaitwa Iron Butt Rally. Yalianza mwaka 1984 katika jimbo la Pennsylvania yakiwa na washindani wachache sana, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika mwezi wa Juni. Muda wake ni siku kumi na moja, na wanaofanya vizuri huwa wamepita maili 11,000, yaani zaidi ya kilomita 17,000. Si mbio za kasi. Barabara ni zile zile za umma, zenye malori, polisi na familia zinazokwenda zake, na sheria za usalama barabarani hazilegezwi kwa ajili yetu. Hakuna donge la fedha linalogombewa. Ninayataka kwa sababu ni mtihani wa akili, subira na nidhamu ambao sijaupata mahali pengine popote, na nimejiandaa kwa muda mrefu.

Mama Mkubwa (Tanga)
Marahaba mwanangu. Nimesoma, lakini moyo bado haujatulia. Je, wamewahi kufa watu?

Kaka Columbus
Ndiyo, Mama Mkubwa. Katika historia yake wapo washindani waliopoteza maisha, na siwezi kukuficha jambo hilo.

Mjomba (Mbeya)
Nimepiga hesabu. Kilomita 17,000 ni zaidi ya safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na ukizigawa kwa siku kumi na moja unapata zaidi ya kilomita 1,500 kila siku, bila siku ya kupumzika. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza hazifiki hizo. Mpwa wangu, mimi nimeendesha lori kutoka bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, tukipita Mikumi, Tunduma, Kapiri Mposhi na Kasumbalesa, na wenzangu niliowazika si waliokuwa hawajui kuendesha. Wengi walikuwa madereva hodari kuliko mimi, ila walimwahidi tajiri kwamba mzigo utafika alfajiri. Kwa hiyo sitakuuliza habari za injini wala barabara. Nitakuuliza swali moja tu: utalala saa ngapi, na utalala wapi?

Kaka Columbus
Mjomba, umegusa kiini chenyewe, nami naomba nilijibu swali hilo kwa urefu, kwa sababu watu wengi wakisikia siku kumi na moja hudhani mshindi ni yule anayekesha kuliko wenzake, na hiyo si kweli hata kidogo.

Kwanza elewa kwamba hatupewi njia moja ya kufuata. Kabla ya kuondoka tunapewa kijitabu chenye orodha ndefu ya mahali pa kwenda katika Marekani na wakati mwingine Kanada: mnara wa kumbukumbu, daraja la zamani, kituo cha treni, jiwe lenye maandishi katikati ya jangwa. Kila mahali pana alama zake, na idadi ya alama hutegemea umbali, ugumu wa njia na muda unaoruhusiwa kufika hapo, kwa maana mahali pengine panahesabiwa mchana peke yake. Mwenye alama nyingi mwishoni ndiye mshindi. Haiwezekani mtu mmoja kufika kote. Mshindani hukaa na ramani na kompyuta usiku huo, akachagua atakapokwenda na, muhimu zaidi, atakapopaacha, huku akijua kwamba kuna vituo vya ukaguzi ambavyo ni lazima afike katika muda uliowekwa. Ukichelewa kidogo unakatwa alama. Ukichelewa kupita kiasi, mashindano yako yanaweza kuwa yamekwisha.

Sasa, katika kijitabu hicho hicho kuna alama za mapumziko. Unasimama mahali pamoja kwa saa zilizowekwa, unathibitisha muda ulioanza na muda ulioondoka, na unapewa alama nyingi kiasi kwamba asiyepumzika anajirudisha nyuma yeye mwenyewe. Waandaaji wamelifanya makusudi. Mimi ninapopanga njia huanza kwa kuweka usiku wangu wa kulala, halafu ndipo naanza kutafuta alama za kuzunguka usiku huo.

Mjomba (Mbeya)
Hapo umeanza kunipa moyo. Endelea.

Kaka Columbus
Mpango wangu ni kulala kitandani kila usiku, kwa muda wa saa nne au tano, katika hoteli ndogo iliyo karibu na barabara kuu, si ile iliyo katikati ya mji ambako utapoteza nusu saa kuingia na nusu saa kutoka. Mbali na hapo, kuna usingizi wa dharura. Waendeshaji wa mashindano haya wana desturi ya kusimama kwenye vituo vya mapumziko vya barabarani, wakajilaza juu ya meza ya mbao au chini kwenye nyasi wakiwa na kofia ngumu kichwani na glavu mikononi, wakatega kengele yenye mlio mkali kama ile wanayotumia madereva wa malori, na kulala dakika ishirini au thelathini. Mpita njia anaweza kudhani ni maiti. Lakini dakika hizo hurudisha akili kwa namna ambayo kahawa haiwezi.

Mjomba (Mbeya)
Nakubaliana nawe kuhusu kahawa. Nawaambia na vijana wengine waliomo humu: dereva hasinzii kwa kufumba macho kwanza. Macho hubaki wazi, mikono iko kwenye usukani, na akili inaondoka kwa sekunde chache bila kuaga. Dalili zake nazijua. Unashindwa kukumbuka kijiji ulichokipita sasa hivi. Unaanza kuchukizwa na taa za magari. Unabishana na mtu ambaye hayupo. Mwendo wako unapanda na kushuka bila sababu. Ukiona moja tu kati ya hizo, usiseme nitafika mji ujao. Mji ujao ndio uliowameza watu.

Kaka Columbus
Ahsante Mjomba. Hilo la kushindwa kukumbuka mahali ulipopita nimelinakili, na nitalibandika juu ya tenki la mafuta mbele ya macho yangu.

Dada Muscat
Shikamoo wakubwa wote. Kaka, naomba nielewe jambo moja. Ukifika kwenye huo mnara au hilo daraja, nani anajua kwamba umefika? Na je, wanawake wanaruhusiwa kushindana, au ni mambo ya wanaume peke yao?

Kaka Columbus
Kila mshindani hupewa bendera ndogo yenye namba yake. Unapofika mahali, unaiweka bendera ionekane, unapiga picha kama kijitabu kinavyoelekeza, unaandika saa na namba inayosomeka kwenye geji ya maili. Penye kutakiwa risiti, risiti hiyo lazima ioneshe tarehe, saa na jina la mji. Mambo haya yanaonekana madogo ukiwa umeketi sebuleni, lakini mtu akiwa siku ya nane barabarani anaweza kuendesha kilomita 600 kwenda kwenye mnara, akapiga picha nzuri, akasahau bendera mfukoni, na asipate hata alama moja. Kwenye kituo cha ukaguzi unaketi mbele ya wahakiki wanaopitia karatasi zako mstari kwa mstari, na tarakimu iliyoandikwa vibaya inaweza kukugharimu safari ya nusu siku. Ndiyo maana narudia kusema kwamba usingizi ni sehemu ya ushindani wenyewe: mchovu hukosea karatasi kabla hajakosea barabara.

Kuhusu wanawake, mshindi wa mwaka 2019 alikuwa mwanamke, Wendy Crockett, fundi pikipiki kutoka South Dakota. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano haya, na aliwashinda wanaume na wanawake waliokuwa pamoja naye katika orodha moja, kwa masharti yale yale. Nimejifunza mengi kwa kusikiliza maelezo yake kuhusu kupanga njia. Anayoyasisitiza ni utulivu na mpangilio, wala si ubabe.

Dada Muscat
Mashallah. Habari hiyo nitawasimulia binti zangu leo hii.

Mdogo wetu (Korogwe)
Shikamooni. Mimi ni mtu wa bodaboda na swali langu ni la chombo. Kaka, mnyororo utastahimili kilomita 17,000? Mimi wangu nakaza kila wiki na sproketi nazibadilisha mara kwa mara. Na tairi je? Na mafuta utayapataje huko jangwani usiku?

Kaka Columbus
Mdogo wangu, pikipiki yangu ni Yamaha FJR1300 niliyoinunua ikiwa imetumika, na haina mnyororo. Nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti, hivyo hakuna kukaza wala kulainisha njiani. Tairi la nyuma halitamaliza safari, kwa hiyo nimepanga kulibadilisha katikati, katika mji ambao njia yangu itaupita vyovyote vile, na fundi nimeshazungumza naye. Oili nayo vivyo hivyo.

Tenki lake la kawaida hubeba lita 25. Nimeongeza tenki la pili nyuma ya kiti, kwa sababu masharti yanaruhusu jumla ya galoni 11.5, ambazo ni lita 43 na kidogo. Kwa mwendo wa kawaida naweza kupita zaidi ya kilomita 600 bila kusimama, na hilo linasaidia usiku katika majimbo kama Nevada, ambako vituo vya mafuta viko mbali kimoja na kingine, na vingine hufungwa. Faida kubwa zaidi ni muda. Kila unaposimama kwenye pampu unapoteza dakika ambazo huwezi kuzirudisha kwa kuongeza mwendo, kwa hiyo nimejizoesha kushuka nikiwa na kadi mkononi, kujaza, kuchukua risiti, kuisoma, kuandika namba ya geji, kunywa maji na kuondoka. Dakika ninazookoa hapo ndizo ninazozilala usiku.

Mdogo wetu (Korogwe)
Nimeelewa kabisa. Hata sisi kijiweni anayepata fedha nyingi si anayekwenda kasi, ni yule asiyepoteza muda kati ya abiria na abiria. Na wanyama?

Kaka Columbus
Kulungu ndio adui mkubwa, hasa wakati wa machweo na alfajiri. Nimefunga taa za ziada zinazomulika pembeni mwa barabara, na katika njia zenye misitu nitapunguza mwendo saa hizo, au nitazifanya ndizo saa zangu za kulala.

Mjomba (Mbeya)
Vizuri. Mikumi ilinifundisha hivyo hivyo, na wanyama wa huko ni wakubwa zaidi.

Mama
Mimi nimenyamaza nikisoma. Mwanangu, tangu utoto wako nilijua ukisema jambo umeshalifikiria. Ila sijaelewa kama umewahi kuujaribu mwili wako kabla ya kujitosa, kwa sababu karatasi inapanga vizuri na mgongo una mawazo yake.

Kaka Columbus
Mama, nimeujaribu. Chama kinachoandaa mashindano haya hutoa cheti kinachoitwa SaddleSore 1000 kwa mtu anayeendesha maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24, akiwa na mashahidi na risiti za njia nzima. Nilikipata, kisha nikaongeza safari za siku mbili na siku tatu mfululizo, kwa sababu ugumu wa kweli hauji siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni furaha. Siku ya tatu ndipo viganja vinaanza kufa ganzi, kiti kinakuwa jiwe, na mtu anaanza kujiuliza alikuja kufanya nini. Nimebadilisha kiti, nimejifunza kula kidogo kidogo bila vyakula vya mafuta, na nina chupa kubwa ya maji yenye mpira ninaonywea bila kusimama. Huko kuna sehemu za joto kali kama Death Valley na milima yenye baridi ya kutetemesha hata mwezi wa Juni, na mwili unaweza kukutana na vyote viwili ndani ya siku moja. Nguo za hali zote mbili nitazibeba.

Nina kifaa cha satelaiti kinachoonesha mahali nilipo, na nitaweka kiungo chake hapa kikundini. Naomba jambo moja kwenu nyote: msinipigie simu nikiwa njiani, hata kwa nia njema. Mke wangu atakuwa akizungumza nami kila nitakaposimama kulala, naye atawaarifu.

Mama Mkubwa (Tanga)
Basi sikiliza. Sitasema nimefurahi, lakini nimeridhika kwamba hukuingia kichwakichwa. Nina sharti moja. Mjomba wako ndiye atakayekiangalia hicho kifaa, kwa sababu anajua kusoma mwendo wa dereva kuliko sisi. Akiona umekwenda muda mrefu mno bila kusimama, amwambie mkeo, na mkeo akikwambia ulale, ulale hapo hapo, alama zibaki huko huko.

Kaka Columbus
Nimekubali, Mama Mkubwa. Sharti hilo nimelipokea mbele ya wote.

Mjomba (Mbeya)
Usiku wenu huko ni asubuhi yetu hapa, kwa hiyo nitakuwa macho na nimekwisha kunywa chai. Nitumie pia orodha ya miji unayotarajia kulala na saa unazotarajia kufika, ili nijue kukulinganisha na mpango wako mwenyewe. Tena uiandike kwa saa za Afrika Mashariki, nisije nikamwamsha mke wako bure.

Kaka Columbus
Kijitabu tutakipewa usiku wa kuamkia safari, Mjomba. Nitakapomaliza kupanga, orodha hiyo itakuwa ujumbe wa mwisho nitakaoutuma kabla sijalala.