Naomba ushauri: nataka kuhamia supamaketi ya bei nafuu, nianzie wapi?

MamaWatatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Dada zangu na kaka zangu, naomba mnisaidie mawazo, maana nimepiga hesabu peke yangu mpaka nimechoka.

Nyumbani tupo sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tangu mume apunguziwe zamu kazini, kipato kimeshuka ila matumizi ya jikoni yamebaki pale pale. Mwezi uliopita hela ya chakula iliisha tarehe 22, nikachota kwenye hela ya ada. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Naumia kila nikikumbuka na sitaki ijirudie.

Miaka saba nimekuwa nikinunua supamaketi moja kubwa iliyo njiani nikitoka kazini. Najua kila kitu kilipo, nina kadi yao ya pointi, na ofa zao huwa nazifuatilia. Sasa upande wa pili wa mji imefunguliwa supamaketi ya bei nafuu, zile ambazo bidhaa zinauzwa zikiwa bado ndani ya maboksi na chapa nyingi hujawahi kuzisikia. Niliingia mara moja, nikazunguka weee, nikatoka mikono mitupu. Niliogopa kununua kitu kibaya halafu kiliwe na watoto au kitupwe.

Naomba kujua: bei ile inashukaje bila ubora kushuka? Nitajuaje kwamba kweli naokoa hela? Na pointi zangu za miaka yote, niziache? Mama mkwe ana presha, kwa hiyo chakula chake nakiangalia sana.

Nisaidieni, nawasikiliza.

Bokota

Pole dada. Ya ada isikuvunje moyo, wengi tumepita hapo.

Nenda na orodha na uende umeshiba. Mengine wataalamu watakuja kusema.

MzeeWaStoo

Dada, mimi nimefanya kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka la aina hiyo kwa miaka minne, ngoja nikueleze kwa nini bei inashuka. Wengi wanadhani ni bidhaa zilizokataliwa kwingine, na hiyo si kweli.

Kwanza, aina ni chache. Supamaketi kubwa ya kawaida inaweza kubeba aina 30,000 za bidhaa au zaidi. Duka la bei nafuu linabaki na kama 2,000. Kule utakuta nyanya za kopo za chapa kumi, huku utakuta moja au mbili. Duka likinunua kwa wingi aina moja, lina nguvu ya kubana bei kwa mwenye kiwanda, na bidhaa haikai stoo muda mrefu. Hela haifungwi kwenye mzigo uliolala.

Pili, kazi ya mikono ni ndogo. Yale maboksi uliyoyaona yametengenezwa makusudi: unachana upande wa mbele, unaweka rafuni, umemaliza. Kupanga pakiti moja moja ilikuwa inakula nusu siku ya mtu. Kwenye pakiti nyingi utaona msimbo wa mistari umechapwa zaidi ya upande mmoja ili keshia asiigeuzegeuze. Zile sarafu unazochomeka kwenye toroli ni kwa ajili hiyo hiyo: unalirudisha mwenyewe ili sarafu yako itoke, hakuna anayelipwa kuyakusanya.

Tatu ni chapa. Nyingi ni za duka lenyewe, kwa hiyo ndani ya bei hujalipia tangazo la televisheni. Baadhi hutoka kwenye viwanda vile vile vinavyotengeneza chapa kubwa. Hapo nakuonya: si zote, na hata kiwanda kikiwa kimoja mchanganyiko unaweza kutofautiana. Soma lebo.

Kuhusu pointi, nikuambie kisa kimoja ambacho nilikipenda sana nilipofundishwa kazi. Mtindo huu ulikuzwa Ujerumani na ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, waliochukua duka dogo la mama yao mjini Essen mwaka 1946. Enzi zile maduka mengi ya kule yalitoa stempu za punguzo. Mteja anazibandika kwenye kijitabu, kikijaa anarudishiwa hela kidogo, na sheria ilizuia punguzo lisizidi asilimia 3. Wale ndugu wakaachana na stempu, wakapunguza bei moja kwa moja. Mteja akaondoka na punguzo lake siku hiyo hiyo, na duka likaepuka kazi ya kuhesabu vijitabu. Kutoka hapo ndipo yakaja maduka yao ya bei nafuu yaitwayo Aldi, jina lililoanza kutumika mwaka 1962. Sasa ichukue kadi yako ya pointi uitazame kwa jicho hilo.

Kibaba

Namheshimu MzeeWaStoo, ila dada usihamie kichwa kichwa. Maneno "bei nafuu" mlangoni hayamaanishi kila kitu ndani ni nafuu. Mimi nilihama kwa furaha, baada ya miezi miwili nikakuta naokoa kidogo sana. Nikakaa na risiti, nikaona tatizo: nilikuwa nalinganisha pakiti kwa pakiti.

Linganisha kwa kilo na kwa lita. Pakiti ya gramu 900 na ya gramu 1,000 zikikaa rafuni huwezi kuzitofautisha kwa macho. Zikiwa na bei moja, ile ya gramu 900 inakugharimu karibu asilimia 11 zaidi kwa kila kilo. Viwanda vingi hupunguza ujazo na kuacha bei ilivyo, na hili linafanyika kwenye maduka ya aina zote. Umoja wa Ulaya tangu 1998 una agizo la kulazimisha maduka kuandika bei ya kilo au lita kwenye lebo. Ukiona namba ndogo chini ya bei kubwa, hiyo ndogo ndiyo ya kusoma. Duka lako kama haliandiki, simu ina kikokotoo: bei gawanya kwa gramu, zidisha mara 1,000.

Na usidhani pakiti kubwa ndiyo nafuu siku zote. Piga hesabu hata hapo.

Salha_R

Dada MamaWatatu, mimi nakusemea kuhusu mama mkwe, maana nami nauguza mwenye presha.

Chapa ngeni isikutishe, kinachotakiwa ni kusoma nyuma ya pakiti. Angalia safu ya gramu 100, usiangalie ile ya "kipimo kimoja cha kula", kwa sababu kila kiwanda kinajipangia kipimo chake na hutaweza kulinganisha. Kuna pakiti zinazoandika chumvi na nyingine zinaandika sodiamu. Ukikuta sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi, la sivyo utadhani ina chumvi ndogo kumbe sivyo. Orodha ya viambato huanza na kilicho kingi kwa uzito na kushuka. Kwa hiyo mchuzi wa pakiti ukianza na chumvi, urudishe rafuni, uwe wa chapa kubwa au ndogo.

Kwa uzoefu wangu vitu visivyochanganywa havina shida: sukari, chumvi, mchele, maharage makavu, unga. Hapo unalipia jina tu. Kwenye vilivyochanganywa, kama supu, soseji na nafaka za asubuhi, ndipo tofauti zinapojitokeza, na mara nyingine za bei rahisi ndizo zilizo na chumvi ndogo. Mimi lilinishangaza.

Tena kwenye vitu vilivyoshushwa bei kwa sababu ya tarehe: "itumike kabla ya" ni ya usalama, ikipita usile. "Bora kabla ya" ni ya ladha na ubora. Pakiti kavu iliyofungwa vizuri haigeuki sumu siku inayofuata.

Dereva_T

Mbona hakuna aliyetaja nauli? Amesema duka lipo upande wa pili wa mji. Dada, hiyo ya zamani ipo njiani kwako, nauli yake ni sifuri. Huku utapanda gari kwenda na kurudi na mizigo. Toa nauli kwenye ulichookoa ndipo useme umeokoa.

Bokota

Dereva_T yuko sahihi. Na pale katikati ya duka pana vile vitu vya wiki hii tu: sufuria, taa, nguo za watoto, vifaa vya bustani. Vinawekwa ukiwa unaelekea kwenye maziwa. Mimi mwezi mzima wa akiba yangu uliishia hapo kwa seti ya visu. Pita bila kusimama.

MamaWatatu (mleta uzi)

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya moyo hivi. MzeeWaStoo, usiku wa jana nilitoa risiti za miezi mitatu nikapiga hesabu ya pointi. Kwa kila 100 niliyotumia nilirudishiwa 1. Moja tu! Kumbe miaka yote nilikuwa napita duka jingine kwa ajili ya hiyo moja.

Swali moja limebaki. Watoto wanajua pakiti zao. Nihamishie vitu vya chapa mpya kwenye makopo ya zamani wasijue?

Salha_R

Usiwafiche, mdogo wangu. Wakigundua hawatakuamini kwenye jambo jingine. Fanya hivi: weka vikombe viwili, ya zamani na mpya, usiseme ipi ni ipi, waonje wachague. Iliyoshinda inabaki. Ikishinda ya zamani, nunua ya zamani kwa moyo mweupe; vitu viwili vitatu haviwezi kuvuruga bajeti.

Kibaba

Naunga mkono. Na usihamishe vyote wiki moja. Chagua vitu 14 au 15 mnavyotumia kila mwezi, andika bei ya kilo ya maduka yote mawili kwenye daftari, halafu uje utuambie.

MamaWatatu (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita kama nilivyoahidi.

Niliandika vitu 14. Kwa bei ya kilo na lita, 9 ni rahisi zaidi duka jipya, 3 ni sawasawa, na 2 ni ghali zaidi kule kuliko kule nilikozoea. Kibaba, hivyo viwili vyote vilikuwa kwenye pakiti ndogo zenye bei ndogo. Kwa macho ningeapa ni rahisi.

Jumla ya kapu la wiki ilishuka kwa asilimia 18. Nilifurahi kweli. Halafu nikakumbuka maneno ya Dereva_T, nikatoa nauli, ikabaki 11. Kwa hiyo sasa naenda mara moja kila wiki mbili na kubeba vitu visivyoharibika, nauli inakuwa moja kwa kapu mbili, na akiba imerudi asilimia 14 na nusu. Mboga na matunda nanunua karibu na nyumbani kidogo kidogo. Nilivyokuwa navinunua kwa wingi, vingine vilikuwa vinaoza.

Tulionja kwenye vikombe. Nafaka za asubuhi watoto walichagua mpya, wote watatu. Majani ya chai mama mkwe alikunywa vyote viwili kimya, akasogeza kikombe cha mpya pembeni. Kwa hiyo majani yake nanunua kule kule kwa zamani na sitamgusia tena. Supu yake niliilinganisha kwa gramu 100 kama Salha_R alivyosema: ya duka jipya ina chumvi ndogo, nimebadilisha.

Pointi zilizokuwa kwenye kadi nimezitumia zote kununua sabuni na dawa ya meno.

Na ile hela ya ada, nusu nimeshairudisha, nusu itaingia mwisho wa mwezi ujao. Jumapili iliyopita nilimwambia mume wangu ukweli wote. Alinyamaza kwa muda, halafu akaomba daftari alione. Sasa risiti anaziandika yeye.