Mafundi wa tairi Mombasa, acheni kutuvisha vijigeji juu ya valvu za raba!

Jamani, hili limezidi. Kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, mtu apeleka gari kuziba pancha, arudi na vifuniko vinne vyenye kijigeji cha rangi (kijani upepo ukitosha, njano ukipungua) juu ya valvu, pale pa kutilia upepo, au sensa za kutuma namba kwenye kiskrini cha dashibodi. Aambiwa, "Mdosi, sasa kupima upepo basi." Alipa, aenda zake. Baadaye tairi zaanza kushuka usiku, na fundi yule yule amwambia rimu imepinda, alipe tena.

Rimu haina neno. Shida ni hicho kidude alichofungiwa, na hivi ndivyo kinavyofanya kazi.

Ndani ya valvu mna sindano yenye springi. Sindano ikiwa juu, upepo umefungika. Kifuniko cha kawaida chazuia mchanga na chumvi visiingie, na kikiwa na raba ndani chasaidia kuziba kama sindano itavuja kidogo. Sasa geji yoyote, ili isome, lazima upepo uifikie. Kwa hivyo kile kijigeji kina pini ya kukandamiza sindano, na kikikaa hapo mchana na usiku, valvu iko wazi mchana na usiku. Kinachozuia tairi lisiishe ni kijiringi cha raba ndani ya kifuniko cha bei rahisi, basi. Jua la hapa likikikausha, au chembe moja ya mchanga ikikaa chini yake, upepo waondoka kidogo kidogo. Tia maji ya sabuni kwenye maungio utaona mapovu yakifura. Kisha kitoe kidude, tia sabuni tena: kimya. Jaribio hili halimalizi dakika mbili, lakini fundi hataki kulifanya kwa sababu litamharibia biashara.

Vile vya rangi vina ila nyingine. Kila kimoja kimetegwa kiwandani kwa kiwango kimoja tu cha upepo, na vingi utakuta vimeandikwa 36 psi au 2.4 bar (vipimo vya nguvu ya upepo) juu yake. Gari linalotaka 30 litaonyesha njano hata likiwa sawa sawa, mwenyewe aongeza upepo mpaka kijani, sasa gari larukaruka na tairi lalika katikati. Gari lililopakia linalotaka zaidi ya 36 nalo laonyesha kijani na mwenyewe amelala usingizi. Hicho si kipimo, ni pambo.

Za sensa angalau zasoma namba. Lakini mwazifunga wapi? Kwenye valvu ya raba ya kuvuta, inayovutwa ikajibana kwenye tundu la rimu, ile fupi ya TR413 iliyo kwenye gari nyingi ndogo. Sensa ya gramu 10 yaonekana si kitu mkononi. Piga hesabu: gari ndogo yenye rimu ya inchi 15 ikienda kilomita 100 kwa saa, kila kitu kilicho kwenye valvu chavutwa nje kwa nguvu ya zaidi ya mara 150 ya uzito wake. Zile gramu 10 zimekuwa kilo moja na nusu inayoning'inia kwenye shingo ya raba. Ukisimama raba yarudi, ukiondoka yapinda tena. Mpasuko waanzia pale shina linapoingia kwenye tundu la rimu, mahali ambapo huoni mpaka uipinde valvu kwa kidole. Wala hakuna anayerudisha gurudumu kwenye mashine ya balansi baada ya kuongeza huo uzito, halafu usukani ukitetemeka mwenye gari aambiwa ni boljointi, kile kiungo cha gurudumu.

Anayetaka sensa za nje lazima kwanza abadilishiwe valvu, awekewe za chuma zinazofungwa kwa nati. Tundu la rimu nyingi za gari ndogo ni milimita 11.5, kwa hivyo valvu zapatikana, si kitu adimu. Ndiyo, lazima tairi libanduliwe kwenye rimu. Ndiyo, ni kazi. Fundi asiyetaka kazi hiyo asiuze sensa.

Halafu kuna chumvi, na hapa ndipo mafundi wa pwani hawana udhuru. Gari linalovuka Likoni kila siku, au linalolala Nyali karibu na ufuo, hupata unyevu wa bahari kwenye kila uzi wa nati. Shaba na alumini zikikutana kwenye chumvi, alumini yaliwa na vitu viwili vyashikana kama vimechomelewa. Gari nyingi za sasa zina sensa za ndani zilizotoka nazo kiwandani, na mara nyingi valvu zake ni za alumini. Mtu azifunika kwa kifuniko cha shaba kinachong'aa kwa sababu ni kizuri, miezi ikipita hakitoki. Fundi aleta plaizi, azungusha, shina lakatika, upepo wote nje. Kwenye valvu za alumini weka kifuniko cha plastiki, na sindano iwe ile nyeupe iliyopakwa nikeli, si ya shaba tupu. Ukitaka kupaka kitu kwenye kijiringi, ni grisi ya silikoni, tena kidogo sana. Grisi ya beringi huvimbisha raba.

Sasa tuje kwa geji ya mkononi, ambayo ndiyo mngekuwa mwauza. Mashine nyingi za upepo zina geji ya 0 hadi 220 psi. Geji ya aina hiyo ikiwa na kosa la asilimia 3, hiyo asilimia ni ya 220, yaani psi 6 na zaidi. Umelenga 32, huenda umepata 26 au 38. Kwa gari dogo nunua ya mshale yenye mwisho wa 60, ili namba yako iangukie katikati ya uso wake, ambako geji husoma vizuri zaidi. Na usisome huku upepo unaingia! Namba unayoiona ukiwa umebana kifyatulio ni ya mpira wa kompresa, si ya tairi. Achia, mshale utulie, ndipo usome.

Kuishika nako kuna namna. Toa kifuniko, gusa sindano kwa sekunde moja ipulize mchanga nje, kisha kandamiza geji wima bila kuinamisha. Iseme "tss" moja fupi inyamaze. Ikiendelea kulia, ama umeinamisha ama raba ya mdomo wa geji imekwisha, na namba hiyo itupe. Rudia. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya psi 1, hujashika vizuri. Ukimaliza, mate au sabuni juu ya sindano, kisha kifuniko.

Pima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari au gari likiwa limesimama kwa muda wa masaa matatu. Likitoka barabarani hupanda psi 4 au zaidi. Ukilipunguza likiwa moto, kesho liko chini.

Na hiki kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kisomeni, jamani. Gari zetu nyingi zatoka Japani na kibandiko kimeandikwa kPa, kipimo kingine cha upepo, pembeni namba ndogo ya kilo kwa sentimita ya mraba. 230 kPa ni hiyo hiyo 2.3, nayo ni psi 33. Kupiga 40 kila gari kwa sababu "barabara ni mbaya" si ufundi.

NYONGEZA: Nimeulizwa kwenye maoni kuhusu malori. Valvu za raba za kuvuta mwisho wake ni psi 65, kwa hivyo lori lisiwe nazo kabisa. Tairi za nyuma zilizo mbili mbili, ile ya ndani huwekewa mpira wa kurefusha ili geji ifike, na huo nao hukandamiza sindano wakati wote. Kwa hivyo uwe wa nyavu ya chuma, ubanwe kwa klipu usipigepige, na ukaguliwe kwa sabuni kila unapopima. Hapa geji ya 220 ndipo mahali pake. Kugonga tairi kwa nondo pale Miritini hakutakwambia kitu, kwani lenye 110 na lenye 80 hulia karibu sawa. Mawili yanayokaa pamoja yakipishana zaidi ya psi 5, lenye upepo mwingi labeba mzigo wa mwenzake, na hapo ndipo mnapookota tairi vipande vipande kabla ya kufika Maungu, njia ya Nairobi.