Kamera za kukunja: Super Ikonta, Isolette III au Kodak ya 620?

Mpigapicha wa Ngara
Wenzangu, natafuta kamera kongwe ya kukunja ya kupigia picha majengo ya zamani ya katikati ya Nairobi. Nimepata tatu: Zeiss Ikon Super Ikonta ya 6x9 (ukubwa wa negativu kwa sentimita), Agfa Isolette III ya 6x6, na Kodak ya filamu ya 620, ambayo ndiyo ya bei nafuu zaidi. Ipi inafaa?

Bi. Zuhura
Ndugu yangu, ya 620 iache. Upana wa filamu ni uleule wa 120, filamu ya roli inayopatikana leo, lakini kijiti chake cha kuviringishia ni chembamba zaidi, na kwa kuwa Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995, itakubidi uhamishe kila roli ya 120 kwenye kijiti cha 620 gizani.

Fundi wa Kamera
Naunga mkono. Kuhusu Isolette, angalia kwanza mvukuto (ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera), kwa maana mivukuto ya Agfa hutoboka kwenye kona za mikunjo. Ingia chumba chenye giza, fungua mgongo wa kamera, tia tochi ndani kisha utazame kwa nje. Kila nukta ya mwanga utakayoiona itakuwa doa kwenye picha. Pia grisi ya lenzi zake hugeuka gundi, hata ukizungusha pete ya umbali, vipande viwili vya lenzi vinazunguka pamoja na picha haitulii.

Kijana wa South B
Lakini wakubwa, Isolette hutoa picha 12 kwa roli, ilhali 6x9 hutoa 8 tu, na filamu ni ghali. Mvukuto unaweza kubadilishwa.

Bi. Zuhura
Ni kweli, mwanangu, ila kipima-umbali cha Isolette III hakijaunganishwa na lenzi: unasoma namba, kisha unaihamishia kwenye pete kwa mkono. Katika Super Ikonta vyote huenda pamoja. Kwa majengo, mimi ningechukua negativu ile kubwa bila kusita.

Fundi wa Kamera
Ukiichukua, ifungue taratibu na uvute filamu baada ya kuifungua, kwa sababu mvukuto unaofunguka ghafla hunyonya hewa na kuipinda filamu. Kile kidirisha chekundu cha nyuma, cha kusomea namba ya picha, kilifaa filamu za zamani zisizohisi mwanga mwekundu. Filamu za leo zinauhisi, kwa hiyo kwenye jua letu la saa sita kifunue ukiwa kivulini, usome namba, ukifunike mara moja.

Mpigapicha wa Ngara
Asanteni sana. Nitaenda na tochi kuikagua Super Ikonta kabla ya kulipa.