Naomba ushauri: nifundisheje jinsia na tabianchi bila darasa kugeuka ugomvi?

Hamjambo wakuu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia huku Ahero, kaunti ya Kisumu. Nataka kufundisha uhusiano wa jinsia na mabadiliko ya tabianchi, lakini kila nikianza wavulana wananikatiza: "Mwalimu, mafuriko ya mto Nyando hayachagui mwanamume wala mwanamke!" Wasichana nao kimya.

Mfano unaoshika kidogo ni wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Wanaume huvua usiku, asubuhi wanauza na kulipwa pesa taslimu. Mama aliyenunua huzianika juu ya nyavu zilizotandikwa chini, na mvua ikinyesha mfululizo zinaoza, mwishowe anaziuza kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara ni yake, na pengine mtaji ni mkopo wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hapo hata wavulana hutulia. Nikifika kwenye umiliki wa ardhi, yaani nani anaamua shamba lipandwe miti au likodishwe, kelele zinaanza upya. Wangari Maathai nimemtaja, na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement ya 1977, na Nobel ya Amani ya 2004. Wakanakili miaka tu, si mnajua mambo ya mtihani.

Walimu wenzangu, hasa wa Budalangi na Nyakach ambako pia hufurika, mnatumia zoezi gani? Nimefikiria kila mmoja aandike nani kwao huteka maji, nani hutafuta kuni, na kwa muda gani. Ila nahofia mzazi kuja kulalamika kwamba nachunguza boma lake. Na je, niwatenganishe wavulana na wasichana kwanza, au nitaharibu zaidi?