Mdudu wa dhahabu katika viazi vitamu: ninyunyize dawa au nimwache?

Mkulima_Serere: Ndugu zangu, naomba ushauri wa haraka. Majani ya viazi vyangu yamejaa matundu, na juu yake nimemkuta mdudu mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, bapa na mviringo kama kobe, anayeng'aa kama dhahabu. Picha nimeiweka. Je, nimnyunyizie dawa?

Bodaboda_Mbale: Ikiwa ni dhahabu, mzee, uza mdudu uachane na viazi.

Shangazi_wa_Busia: Msimu uliopita nilichimba viazi vizima kwa nje, lakini ndani vilikuwa vichungu na vimetobolewa tobotobo. Hata nguruwe walivikataa. Nyunyiza mapema, mwanangu.

Mwalimu_Biolojia: Shangazi, aliyekutia hasara ni fukusi, ambaye ni mwembamba, mweusi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga, na mabuu yake hula kiazi chenyewe. Tunayeulizwa ni mbawakawa wa majani: kichwa chake kimefichwa chini ya ngao, na kingo za ngao hiyo zimetanuka zikawa angavu kama kioo. Mkulima, uliona pia mabuu yenye miiba pembeni, yaliyojitwika ngozi kuukuu na kinyesi kama mwavuli?

Mkulima_Serere: Yapo. Nilidhani ni uchafu unaotembea.

Afande_Mstaafu: Mniwie radhi, lakini kisa hiki kimetungwa. Mdudu wa pichani ni wa kahawia. Dhahabu iko wapi?

Mwalimu_Biolojia: Hakikutungwa, Afande. Mng'ao ule hutokana na mwanga unaoakisiwa na matabaka membamba yenye unyevu ndani ya gamba. Mdudu akifa, gamba hukauka na dhahabu hutoweka. Mimi nauliza jingine: huyu alikufaje?

Mkulima_Serere: Juzi nilinyunyiza nusu ya shamba. Msinilaumu, majani yalikuwa yakiliwa mbele ya macho yangu, na dawa nilikuwa nimekwisha kuinunua. Nilitaka tu kujua kama nimalizie nusu iliyobaki.

Shangazi_wa_Busia: Na mbuzi wako, je? Si ndio wanaokula majani hayo?

Mwalimu_Biolojia: Wafungie mbali na sehemu yenye dawa, na usimalizie. Mbawakawa huyu ni nadra kupunguza mavuno, kwa kuwa viazi vitamu huchipua majani mapya upesi.

Mkulima_Serere: Mbuzi nimewafunga. Lakini nusu chupa imebaki, nayo sikuipewa bure.

Afande_Mstaafu: Iweke chupa juu ya dari. Kesho alfajiri tuletee picha ya aliye hai kutoka nusu ile nyingine, nami nitafuta maneno yangu.