Mkanda mwekundu wa judo umeshonwa Mwanjelwa, na wazazi wa Mbeya wanalipishwa!

Wakuu, salaam. Naomba wasimamizi uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, kuna mtoto amevunjika mtulinga.

Nipo Mbeya. Nafundisha watoto judo jioni na Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kukodi maeneo ya Soweto. Tatami, ile mikeka ya judo, za kununua hatuna. Tulijaza pumba za mpunga kwenye viroba, tukavipanga, tukatandika turubai la lori juu yake na kulikaza kwa kamba pembe zote nne. Baridi ya Julai huku mnaijua, lile turubai asubuhi linakung'ata nyayo mpaka unasahau una vidole. Pamoja na hayo watoto walikuwa wanakuja thelathini na kitu. Leo nimebaki na tisa.

Walikokwenda napajua. Kuna mwalimu mwingine kafungua klabu mwaka huu. Kufungua klabu si kosa, mji huu umekua na watoto ni wengi, angekuja tukashirikiana ningempa hata nusu ya viroba vyangu. Hasira yangu ni kile anachojifunga kiunoni. Alianza na mkanda mweusi. Miezi miwili baadaye akatokea na ule wa vipande vyekundu na vyeupe. Halafu mwezi wa sita, kwenye onyesho mbele ya wazazi, akaingia na mwekundu mtupu. Kijana hajafika hata miaka thelathini na mitano.

Kwa asiyefuatilia judo naomba avumilie kidogo, maana hapa ndipo wazazi wanapigwa.

Mikanda ya wanaoanza ndiyo ile mnayoiona kwa watoto: mweupe, wa njano, wa chungwa, kijani, bluu, kahawia. Nyingi ya rangi hizo za katikati wala hazikutoka Japani, zilienea Ulaya, na Mjapani aliyekuwa akifundisha Ufaransa miaka ya 1930, Mikonosuke Kawaishi, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuzipa mpangilio. Ukimaliza hizo unaingia kwenye dani, yaani ngazi za juu, ya kwanza hadi ya kumi. Dani ya kwanza hadi ya tano, mkanda ni mweusi. Ya sita, ya saba na ya nane unaruhusiwa ule wa vipande vyekundu na vyeupe. Ya tisa na ya kumi, mwekundu mtupu. Basi. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yako na mkanda mwekundu wa judo anakwambia yeye ni dani ya tisa au ya kumi.

Sasa sikilizeni uzito wake. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, kwenye hekalu la Eishoji kule Tokyo, chumba cha mikeka 12, wanafunzi 9. Tisa, kama hawa wangu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaongezeka na mimi napungua. Tangu mwaka huo hadi 2006, walipopandishwa wazee watatu kwa pamoja, Kodokan ilikuwa imetoa dani ya kumi kwa watu 15. Watu 15 kwa miaka zaidi ya 120! Wengi wao walishakuwa wazee wa kushikwa mkono, na wa kwanza kabisa, Yoshitsugu Yamashita, alipewa mwaka 1935 akiwa ameshafariki.

Kuna mama mmoja, Keiko Fukuda, alizaliwa 1913, mjukuu wa mzee aliyemfundisha Kano jujitsu. Aliingia judo 1935 na hakuiacha mpaka anakufa. Dani ya tano alipata 1953. Ya sita akaja kupewa 1972, kwa sababu wanawake walikuwa wamefungiwa mlango pale kwenye ya tano, haikujalisha unajua kiasi gani. Dani ya tisa ya Kodokan aliipata 2006 akiwa na miaka 92. Miaka sabini na moja kwenye tatami! Nikimkumbuka huyo mama halafu nikamwangalia huyu kijana wetu na mwekundu wake, koo linanikauka.

Nilimfuata. Sikutaka kuja kumsema huku kabla sijamsema usoni. Nikamsubiri wamalize mazoezi, nikamsalimia vizuri, nikamuuliza, "Mwalimu mwenzangu, huo mkanda umepewa na nani?" Akasema amejipandisha mwenyewe kwa uzoefu. Nikauliza cheti. Akasema mambo ya vyeti ni ya wanasiasa, judo iko moyoni.

Wakuu, hakuna dani ya kujipandisha. Haipo. Dani unapewa na waliokutangulia, kupitia shirikisho au Kodokan yenyewe, na unapewa cheti. Na kuanzia ya sita kupanda juu hupimwi tena kwa kuwaangusha watu tu. Wanaangalia umeifanyia nini judo maisha yako yote: umelea wangapi, umefundisha wapi, umehukumu mashindano gani, kata, ile mitindo ya kupangwa kwa mfuatano, unazijua kwa kina gani. Hata Kano mwenyewe, aliyekuwa anawapandisha wengine, hakuwahi kujivisha dani.

Mimi mweusi wangu, dani ya kwanza tu, niliupata mwaka wa nane tangu nianze, Dar es Salaam. Mara ya kwanza nilirudishwa. Kwenye nage-no-kata kuna mitupo 15, kila mmoja unafanya kulia na kushoto. Nilifika kata-guruma upande wa kushoto, nikampandisha mwenzangu mabegani vibaya akaanguka kama gunia. Wazee waliokaa mezani hawakupandisha hata sauti. Wakaniambia nenda, rudi mwakani. Nilirudi mwakani. Na nilipofungwa ule mkanda niliambiwa neno shodan maana yake ni ngazi ya mwanzo, kwamba sasa ndiyo unaanza kusoma, yale ya nyuma yalikuwa alfabeti. Mwalimu wangu mwenyewe mkanda wake umechakaa mpaka nyuzi nyeupe za ndani zimetoka. Hajaubadilisha.

Sasa nije kwenye ule mkanda ulivyoshonwa. Tuna fundi wetu pale Mwanjelwa anayetuziba magwanda ya mazoezi, maana mengi tunanunua mitumba na yanachanika mabegani. Nimepeleka mawili mwezi wa saba, namkuta ana mabaki ya kitambaa chekundu mezani, satini ya kung'aa ile ya kushonea mapazia ya harusi. Nikauliza. Fundi wa watu akanijibu bila kujua chochote, "Ni ya ule mkanda wa mwalimu mwenzako. Na wewe nikushonee? Kitambaa kimebaki." Nilikaa kwenye stuli yake dakika nzima sijajibu. Simlaumu fundi, yeye kaletewa kitambaa kashona. Lakini ndio hivyo, mkanda ambao Keiko Fukuda aliusubiri mpaka miaka 92 hapa kwetu umetoka kwenye cherehani kabla chai ya saa nne haijapoa.

Na hata kama angekuwa nao kihalali, bado anaonyesha hajui. Wenye dani za juu wengi ukiwakuta mazoezini wamefunga mweusi. Ule wa vipande na ule mwekundu huvaliwa zaidi siku za heshima, na hakuna anayewalazimisha hata siku hizo. Ule wa vipande unaitwa kohaku, yaani nyekundu na nyeupe, rangi za bendera za koo mbili zilizopigana Japani karne ya 12, Taira wakiwa na nyekundu na Minamoto na nyeupe. Mpaka leo wakigawana pande mbili kushindana wanatumia rangi hizo. Kitu chenye historia hiyo yote, mtu anakivaa Jumatatu mpaka Ijumaa anapiga nacho pushapu.

Sasa wazazi. Mama mmoja, mwanawe nilimpokea akiwa na miaka minane, alinipigia kuniaga. Aliongea kwa heshima kabisa. "Mwalimu usinielewe vibaya. Kule mwalimu wao ana mwekundu. Wewe miaka yote hiyo bado mweusi?" Nikamwambia mama, mwaka 2024 kijana wetu Andrew Thomas Mlugu alisimama Paris kwenye Olimpiki, kilo 73, na mkanda mweusi. Na ukumbi ule mzima, anayechukua dhahabu na anayetolewa pambano la kwanza, wote weusi. Akasema sawa mwalimu, lakini alishalipa.

Alilipa elfu sitini. Hiyo ni ya mkanda wa kijani peke yake, ada mbali. Mtoto alitoka kwangu akiwa wa njano, miezi mitano akawa kijani, akirukishwa wa chungwa. Na wenzake waliokwenda hawajui lolote wamepewa hivyo hivyo, ukilipa unapanda. Kwangu miezi mitatu ya kwanza mtoto anajifunza kuanguka tu. Ukemi. Kuanguka nyuma, kuanguka kwa ubavu, kubiringika mbele, kupiga turubai kwa mkono mzima ili mshtuko uishie pale usipande begani, kidevu kifuani. Watoto wanalalamika, wazazi wanachungulia dirishani wanauliza lini wataanza kurusha. Hawataanza! Mpaka mwili wenyewe ujue kuanguka bila kuulizwa.

Wiki mbili zilizopita yule mama akanipigia tena, usiku, analia. Mtoto wa jirani yake, miaka kumi na moja, hajawahi kupita kwangu, amerushwa na mkubwa kuliko yeye kwenye klabu ile. Wote wawili wana mikanda ya kijani. Aliyerusha hakujua kumshika mwenzake mkono asitue vibaya, aliyerushwa alinyoosha mkono kujizuia. Mtulinga ukakatika. Mwalimu mwenye mwekundu akamwambia mzazi ni ajali ya kawaida ya michezo. Mimi nasema hii ilikuwa inaonekana inakuja.

Kuna watakaosema nina wivu kwa sababu nimepoteza wanafunzi. Ndiyo, imeniuma kuwapoteza, wengine niliwafundisha hata kufunga fundo la mkanda. Lakini wangeondoka kwenda kwa mwalimu mwenye mweusi wa kweli ningewasindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

Wazazi wa Mbeya, Iringa, Makambako, Njombe, popote nyanda za juu huku: mwalimu akikwambia ana dani, omba cheti, soma jina, soma nani kakitoa na mwaka gani. Mwenye nacho atakuonyesha akiwa na furaha. Na msichanganye michezo, maana nao huo ni mlango wa wapigaji. Kwenye taekwondo mwekundu uko chini ya mweusi, kijana anaweza kuuvaa kihalali kabisa. Kwenye jujitsu ya Brazil kuna wa vipande vyekundu na vyeusi, halafu vyekundu na vyeupe, halafu mwekundu, na ngazi zao zina hesabu yake. Huyu wetu ubaoni kaandika judo, kwa hiyo apimwe kwa judo.

Na maofisa michezo wa mkoa, mnapita kwenye maonyesho mnapigwa picha na mtu mwenye mkanda mwekundu, hakuna hata mmoja anayeuliza?

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anauliza kwa nini sitaji jina. Sitaji kwa sababu mtoto bado ana kitambaa shingoni na wazazi wake ndio wenye haki ya kuamua wanapeleka wapi jambo lao. Yeye mwenyewe najua anasoma humu. Mwalimu, Jumamosi saa tatu asubuhi nipo ukumbini Soweto. Njoo na cheti cha dani ya tisa. Ukinionyesha, naandika kuomba radhi kwenye uzi huu huu kwa jina langu kamili. Huna, njoo na ule mweusi wako wa mwanzo, kama nao haukutoka Mwanjelwa, tuanze kuwafundisha wale watoto kuanguka.